UTAFITI WA WATOTO WETU URUDI SHULENI

Tangu tulipojipatia Uhuru mwaka 1961 tuliapa kupigana na maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Wapiganaji wote wa vita hiyo wafahamu ya kwamba maadui hao hupenda kukutana katika darasa la shule ya msingi. Mtoto mwenye minyoo tumboni, au anayekojoa damu kwa sababu ya kichocho, aweza kuketi mbele ya mwalimu hodari kuliko wote asiambulie kitu. Ndiyo maana sisi huwapokea kwa furaha wataalamu wanaokuja kushirikiana na shule zetu katika kuchunguza afya ya wanafunzi. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Faida ya uchunguzi wa namna hii si ya kubishaniwa. Jirani zetu wa Kenya walianza mwaka 1998, huko Busia, kutoa dawa za minyoo katika shule 75 zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Shule hizo ziligawanywa katika mafungu yaliyopata dawa kwa zamu, ili athari yake ipimwe kwa haki. Wachunguzi, Edward Miguel na Michael Kremer, walieleza mwaka 2004 ya kwamba utoro ulipungua kwa kadiri ya robo. Mwaka 2015 wataalamu wa Uingereza waliyarudia mahesabu yao wakaona makosa, hasa katika yale yaliyosemwa juu ya shule za mbali, na mabishano makali yakazuka. Lakini mabishano hayo yaliwezekana kwa kuwa wachunguzi wa kwanza walikubali kutoa daftari zao zikaguliwe. Huo ndio uungwana wa elimu. Na Serikali ya Kenya tangu mwaka 2009 imeifanya kazi ya kutibu minyoo shuleni kuwa kazi ya taifa.

Sisi wenyewe tunayo mifano yetu. Mkoani Mwanza, Serikali, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, shirika la AMREF na chuo cha elimu ya afya cha London walishirikiana katika mpango wa MEMA kwa Vijana. Mafunzo ya afya ya uzazi yalitolewa katika shule za msingi tangu mwaka 1999, na matokeo yakapimwa katika jamii 20, ambazo nusu yake zilipata mafunzo na nusu hazikupata. Katika kipimo cha mwaka 2007 na 2008 walichunguzwa vijana karibu 14,000. Ilionekana ya kwamba maarifa ya vijana yaliongezeka, lakini maambukizo ya virusi vya Ukimwi hayakupungua. Habari hiyo ni chungu. Hata hivyo twasema ya kwamba mshirika anayetuambia ukweli mchungu ni bora kuliko kumi wanaotupamba kwa sifa, maana sasa twajua ya kuwa somo la darasani peke yake halitoshi ikiwa wazee kijijini hawakubadili mwenendo wao.

Basi kasoro iko wapi? Mwaka 2008 mkoani Morogoro dawa za kichocho na minyoo ziligawiwa shuleni. Dawa ya kichocho yafahamika kuwa huweza kuleta kizunguzungu, maumivu ya tumbo na kutapika, hasa kwa mtoto aliyeinywa bila chakula. Uvumi ukaenea ya kwamba watoto wanadhuriwa. Wazazi wakakimbilia shuleni kwa hofu na hasira, ghasia zikatokea, na ugawaji ukasimamishwa. Waliochunguza mambo hayo baadaye waliona ya kwamba wananchi hawakuelezwa vya kutosha, wala walimu hawakuandaliwa kujibu maswali. Dawa ilikuwa njema, lakini neno halikuitangulia.

Hatuwacheki wazazi wale. Mzazi anayekimbia kumwokoa mwanawe si mjinga. Ujinga ni wa yule anayedhani ya kwamba kibali kikishatolewa mjini, kijiji hakina la kuuliza. Ni kweli ya kwamba utafiti wa afya nchini mwetu hauna budi kupata idhini ya Taasisi ya Taifa, na wageni hupaswa kupata kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia. Taratibu hizo ni njema na zishikwe. Lakini muhuri hauwezi kusimama mbele ya mkutano wa wazazi ukaeleza kwa nini damu ya mtoto inachukuliwa, itapelekwa wapi, na mzazi afanye nini akitaka kukataa.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Kwanza, kabla ya kipimo cho chote, uitishwe mkutano wa wazazi na walimu, na kila jambo lielezwe kwa Kiswahili, pamoja na madhara yanayoweza kutokea. Pili, wataalamu wetu wawe washirika tangu kupanga maswali hadi kuandika majibu, wala wasifanywe wapagazi wa chupa za mkojo. Tatu, matokeo yarudi katika shule ile ile yalikotoka, yawe mazuri au mabaya, yasomwe mbele ya wazazi waliowatoa watoto wao. Halmashauri nazo ziyapokee na kuyatengea fedha, ili dawa isikome siku magari ya wageni yatakapoondoka.

Mwanafunzi aliyetoa damu yake kwa ajili ya elimu ametoa mchango mkubwa kwa taifa. Kumnyima jibu ni kumdhulumu mara mbili: afya yake yabaki ilivyokuwa, na ujinga wake wabaki ulivyokuwa. Hatukuapa kupigana na maradhi ili tumwache ujinga akipita mlango wa nyuma.