Mamluki Si Mhusika Bapa: Maoni Kuhusu Askari wa Kukodiwa katika Filamu za Bunilizi ya Kisayansi

Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi huko Likoni, kibanda cha video kilichokuwa karibu na kwetu kilionyesha Avatar, filamu ya James Cameron iliyotolewa mwaka 2009. Msimulizi aliyetufasiria kwa Kiswahili alituambia kwamba wale watu wenye silaha ni jeshi la Marekani, nasi tukakubali. Nilipoitazama tena nikiwa mwanafunzi wa fasihi ndipo nilipoling'amua kosa. Wanaopigana mle si jeshi la taifa lolote. Kuna kampuni ya madini, na kuna watu waliowahi kuwa wanajeshi ambao sasa wanalipwa na kampuni hiyo. Mhusika mkuu, Jake Sully, anaikiri tofauti hiyo mapema katika masimulizi yake. Neno lililohitajika pale kibandani lilikuwa moja tu: mamluki.

Makala haya yanakusudia kutetea hoja moja. Filamu za aina hii aghalabu humchora mamluki kama mhusika bapa, nasi tumeupokea ubapa huo bila kuuhoji, ilhali hapa kwetu mamluki ni kijana tunayemfahamu.

Tuanze na neno lenyewe. Mamluki limetokana na Kiarabu, na asili yake ni mtu anayemilikiwa. Lina mzizi mmoja na miliki na milki. Mamluki wa Misri walikuwa askari wenye asili ya utumwa, na hatimaye wakaitawala nchi hiyo kuanzia 1250 hadi 1517. Katika Kiswahili cha leo maana imepanuka hata mchezaji asiyestahili kuchezea timu ya shule huitwa mamluki. Neno askari nalo limebeba mzigo mkubwa zaidi: mwanajeshi ni askari, polisi ni askari, na mlinzi wa usiku langoni ni askari. Mfasiri anayetumia askari kwa wote hao huificha hoja kuu ya filamu, yaani nani anamlipa mwenye bunduki na kwa maslahi ya nani.

Sasa tuwatazame wahusika. Katika Aliens (1986), wanajeshi wa serikali ni mashujaa waliohadaiwa na mwakilishi wa kampuni. Katika District 9 (2009), ambayo mandhari yake ni Johannesburg, Koobus Venter anatumikia kampuni binafsi na anaua kwa raha. Mpangilio hujirudia: mwenye sare ya taifa ana utu, wa kukodiwa ana kiu ya damu. Avatar inatoa dokezo tofauti. Jake ni mlemavu wa miguu, matibabu ya uti wa mgongo yapo lakini hana fedha za kuyalipia, na Kanali Quaritch anamwahidi miguu yake endapo atampelekea habari. Huo ni uhusika duara: umaskini ndio uliomfikisha pale. Hata hivyo, mamia ya wenzake waliokodiwa hawaulizwi walitoka nyumba gani.

Historia ya eneo letu haituruhusu kuishia hapo. Mnamo 1964 Mike Hoare aliongoza mamluki nchini Kongo. Mwaka 1978 The Wild Geese, filamu iliyowatukuza mamluki barani Afrika, ilitolewa Hoare akiwa mshauri wake wa kitaalamu. Mwaka huohuo Bob Denard na watu wake walitua Komoro na kuipindua serikali ya Ali Soilih. Mwaka 1981 Hoare alijaribu kuipindua serikali ya Shelisheli, akashindwa. Hao walikuwa wageni waliokuja kwetu kwa ujira. Leo mkondo umegeuka. Mnamo Novemba 2025 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba Wakenya zaidi ya 200 huenda walikuwa wameingia katika jeshi la Urusi linalopigana Ukraine. Baadhi ya waliorejea wameeleza kuwa waliahidiwa kazi za kawaida za kiraia.

Nami nimezaliwa Likoni mwaka uliofuata machafuko ya 1997. Tarehe 13 Agosti mwaka huo kituo chetu cha polisi kilivamiwa, polisi wakauawa na bunduki zikaporwa, na maelfu ya watu kutoka bara wakayahama makazi yao. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2002 ilieleza jinsi vijana wa Pwani wenye malalamiko ya ardhi na ajira walivyoandikishwa, wakaapishwa na kufunzwa vita, huku siasa za uchaguzi zikiwa nyuma yake. Sisemi vijana hao walikuwa mamluki kwa maana kamili ya neno. Nasema walitumiwa kwa njia ileile: aliyekosa cha kwake alipewa silaha na mwenye cha kupata.

Huenda msomaji akasema filamu ni burudani tu. Jibu langu ni Starship Troopers, iliyotolewa mwaka huohuo wa 1997. Paul Verhoeven, aliyeuona utoto wake chini ya ukaliaji wa Wajerumani nchini Uholanzi, aliikusudia kuwa kejeli dhidi ya utukuzaji wa jeshi. Wengi waliisoma kama sifa. Kejeli isiyotambuliwa hugeuka wimbo wa kuandikisha makuruti. Basi kosa si la msanii peke yake. Hadhira isiyofunzwa kusoma inashiriki.

Kwa mintarafu hiyo nina mapendekezo mawili. Kwanza, tafsiri simulizi za vibandani, ambazo DJ Afro amezipatia umaarufu nchini Kenya, zichunguzwe katika tasnifu zetu kama fasihi, kwa kuwa ndizo zilizowafundisha wengi wetu nani shujaa na nani adui. Pili, tunapohakiki filamu hizi tumsome mamluki kama tunavyomsoma mhusika yeyote: tuulize ametoka wapi, ameahidiwa nini, na nani anabaki salama yeye akifa.

Mwaka jana kijana mmoja tuliyesoma naye alinionyesha ujumbe wa wakala aliyemwahidi kazi ya ulinzi ng'ambo kwa mshahara mnono. Aliniuliza, "Kaka, wewe uliyesoma Kiswahili, hapa wamesema askari. Ni askari wa namna gani?" Nilimshauri asiende kabla hajaonyeshwa mkataba. Hadi leo hajaonyeshwa, naye hajaenda. Swali lake lilikuwa la msamiati, na uhai wake ulitegemea jibu.