Kuhamia Morogoro

Ndugu yetu mmoja baada ya swala ya Isha aliniomba ushauri: aihamishie familia Morogoro, naye abaki na kazi yake Dar es Salaam? Hoja zake zina uzito. Tangu 2024 treni ya umeme hufika huko kwa muda usiozidi saa mbili. Mabasi ya Dodoma na Iringa hupitia Msamvu. Chuo Kikuu cha Waislamu kipo mjini humo, na hewa ya Uluguru haina mfano. Nauli ya kila siku haimudu, basi atakuwa akirejea Ijumaa jioni. Nikamuuliza, mama watoto amesemaje? Akainamisha kichwa. Kodi ya miezi sita ameshalipa. Nikamsihi arejee kwanza nyumbani wakashauriane. Habari za treni tutazizungumza baadaye.