Ahadi ya fedha za utafiti ingali kwenye karatasi

SHERIA ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka wa 2013 inatamka waziwazi kwamba kila mwaka wa fedha, Hazina Kuu itautengea Mfuko wa Kitaifa wa Utafiti kiasi cha asilimia mbili ya pato la taifa. Zaidi ya mwongo mmoja umepita, na kiasi hicho hakijawahi kutolewa hata mara moja.

Tufanye hesabu. Pato la taifa mwaka wa 2024 lilizidi Sh16 trilioni. Asilimia mbili yake ni takriban Sh320 bilioni. Bajeti ya mwaka wa 2025/26 ilikuwa karibu Sh4.3 trilioni. Yaani sheria inamtaka waziri wa fedha autengee mfuko huo zaidi ya shilingi saba katika kila shilingi mia moja za bajeti, ilhali madeni, walimu na kaunti wanasubiri. Hata Umoja wa Afrika uliweka lengo la asilimia moja tu, tena ukihesabu matumizi yote ya nchi kwa utafiti, kampuni za kibinafsi zikiwemo.

Wabunge waliopitisha kifungu hicho walistahili kulijua hilo. Lengo lisilofikika humpa mwenye fedha kisingizio cha kutoa makombo, kwa kuwa hakuna anayemuuliza mbona hakutimiza hata sehemu ya kumi.

Pengo hilo limezibwa na wafadhili wa kigeni, na katika akili unde athari yake inaonekana bayana. Mnamo Machi 2025 serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa teknolojia hiyo, utakaotekelezwa hadi 2030, na kuutaja utafiti kuwa mojawapo ya nguzo zake. Mitambo ya akili unde hujifunza kwa kulishwa maandishi na sauti kwa wingi mno. Kwa Kiingereza chakula hicho kimejaa tele intanetini. Kwa lugha zetu nyingi, sharti mtu aende vijijini akakikusanye.

Kazi hiyo imeanza. Watafiti wa vyuo vikuu vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene walikusanya maandishi na sauti za Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya katika mradi uitwao Kencorpus. Aliyelipa ni nani? Ni Lacuna Fund, mfuko ulioanzishwa na mashirika ya kigeni, Rockefeller Foundation na Google.org yakiwa miongoni mwao. Watafiti hao hawana lawama. Bila fedha hizo huenda tusingekuwa na chochote. Lakini mfadhili akiamua kesho kuwa lugha za Kiafrika si kipaumbele chake tena, Kipokomo na Kiteso vitamngoja nani?

Hofu hiyo si ya kubuni. Mwaka wa 2025 serikali ya Marekani ilipolivunja shirika lake la misaada, USAID, utafiti wa chanjo ya Ukimwi nchini Afrika Kusini ulisimama ghafla. Mlipa ushuru wa Marekani ana haki ya kuamua pesa zake ziende wapi. Wa kwetu hajaulizwa.

Bunge halina budi kuirekebisha sheria hiyo: liweke kiwango kidogo kinachoweza kulipwa, lakini ambacho Hazina Kuu haitaruhusiwa kukigusa bajeti inapopunguzwa katikati ya mwaka. Vilevile, ruzuku iidhinishwe kwa miaka mitatu kwa mpigo. Mwaka wa fedha huisha Juni 30, nao utafiti haufuati kalenda hiyo. Mtafiti wa mbegu aliyepokea fedha mwezi wa Mei amekwisha kukosa mvua ya masika, na anayefunza mtambo wa akili unde kwa kompyuta za kukodi hukatiziwa huduma pindi malipo yanapokoma.

Bajeti ijayo itakaposomwa, wanahabari na wabunge wautafute mgao wa mfuko huo katika vitabu vya makadirio, kisha ifikapo Desemba waulize ni shilingi ngapi zimefika vyuoni.