Video za ploti za Diani zinyooshwe kabla ya kutumwa

Mkenya aliyeko Doha au Minneapolis akitaka kununua ploti Galu, siku hizi huanza na video. Droni inaruka, minazi inapita chini yake, bahari inajitandaza, kisha sauti ya dalali inataja futi 50 kwa 100, safu ya pili kutoka bichi. Anachokiona mnunuzi ni kiwanja kikubwa cha mpira. Akija likizo anasimama baina ya bikoni nne na kukuta mita 15 kwa 30 hivi, kipimo kilekile alichotajiwa tangu mwanzo. Dalali hakusema uongo. Lenzi ndiyo iliyozidisha.

Uzidishaji huo una sababu mbili, na watu wengi huzichanganya.

Ya kwanza ni lenzi pana kupinda mistari. Mtu akitaka kuithibitisha Diani, aitazame bahari yenyewe, kwa kuwa ufuo huo unaelekea mashariki na hakuna kisiwa wala kilima kinachokatiza upeo wa macho. Droni ikiwa mita 100 juu, upeo huo uko umbali wa kilomita 36 hivi, na kwa kimo hicho jicho la binadamu haliwezi kutambua mviringo wa dunia. Bahari ikionekana imepinda, basi aliyeipinda ni lenzi. Kamera ikiinamishwa, mstari wa bahari unapanda juu ya katikati ya picha na kubinuka kwenda juu. Ikiinuliwa, mstari huohuo unabonyea. Ukipita katikati kabisa, unanyooka, na ndiyo maana sekunde chache za video ile ile huonekana hazina kasoro.

Minazi haifai kuwa ushahidi. Mnazi wa Msambweni huinama wenyewe, na mhariri aliyezoea kunyoosha nguzo za maghorofa ya Nairobi akijaribu kuisimamisha minazi ataishia kupindisha kuta za hoteli. Ashike upeo wa bahari, au ukingo wa bwawa la kuogelea. Kuta zinazoegemeana kwa juu ni jambo jingine: hutokea mtu anapoinua simu, tuseme ili msikiti wa Kongo na mibuyu yake viingie pamoja kwenye picha. Hizo husimamishwa kwa kuvuta pembe za juu za picha, ingawa ni rahisi zaidi kuishika simu wima na kurudi nyuma.

Dawa ya mistari iliyopinda si ngeni. A. E. Conrady aliiandikia mwaka 1919, na Duane Brown, Mmarekani, akaiwekea hesabu zinazotumika hadi leo mwaka 1966. Brown hakuwa mtu wa sinema. Kazi yake ilikuwa upimaji kwa picha, zikiwemo zile zinazopigwa kutoka angani ili ramani zichorwe. Yaani hesabu zilizotungwa ili ardhi ipimwe kwa haki zimo mfukoni mwa kila dalali wa Ukunda, naye hazitumii. Kamera ya GoPro HERO5 ya mwaka 2016 ilikuja na hali ya kunyoosha picha papo hapo, na Kdenlive, programu ya bure, ina kichujio cha kazi hiyo. Gharama yake ni ndogo: kingo za picha hukatwa, na mtu aliyesimama pembeni huonekana amenenepa.

Sababu ya pili ni ngumu zaidi, kwa kuwa haina kitufe. Inatokana na mahali aliposimama mpiga picha. Utafiti wa madaktari wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulionesha kwamba pua katika picha iliyopigwa kwa umbali wa sentimita 30 huonekana pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ikipigwa kwa mita moja na nusu. Pua haijapinda, ila iko karibu mno. Ndivyo inavyokuwa kwa ploti inayopigwa na mtu aliyebana kwenye kona moja na lenzi pana: kichaka kilicho miguuni pake kinakuwa msitu, na bikoni ya upande wa pili inasogea mbali. Kinyume chake pia kipo. Lenzi ndefu ikielekezwa Wasini kutoka mbali nyuma ya gati la Shimoni, kisiwa kinaonekana kimekaribia kugusa gati. Kwa ujanja huohuo nyumba ya safu ya tatu inasogezwa hadi kwenye mchanga. Mistari yote hapo imenyooka, kwa hiyo programu haina cha kurekebisha.

Wenye hoteli watasema chumba kidogo hakina pa kurudi nyuma. Ni kweli, na wanaoruka na parachuti juu ya Diani waachiwe bahari yao iliyopinda, maana hakuna anayewauzia kitu kwa vipimo vyake. Lakini video inayouza ardhi au kitanda ni tangazo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mlaji haki ya taarifa anazozihitaji, na Sheria ya Ulinzi wa Wateja ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya kupotosha. Sioni kwa nini picha isihesabiwe kuwa maelezo.

Kwa hiyo aliye mbali, kabla ya kutuma hata shilingi ya kushikia ploti, adai video nyingine pamoja na upekuzi wa afisi ya ardhi ya Kwale. Ipigwe kwa lenzi ya kawaida ya simu, kwa kimo cha kifua, mtu akitembea bikoni hadi bikoni na utepe wa kupimia ukionekana. Kisha atoke langoni hadi mchanga unapoanzia bila kukata mahali popote. Ikichukua dakika 12, dalali asiifupishe kuwa 2.