Ndugu Mpiga Video, Punguza Mzigo!

Haya wasomaji, leo naweka kando kidogo mambo ya kuandika programu, ingawa mtaona sikwenda mbali nayo. Nina ugomvi na mkoba. Ule mkoba mweusi wa mgongoni, mkubwa kama wa mwanajeshi, ambao kila kijana anayetaka kupiga video za safari anaambiwa lazima awe nao: kamera mbili, lenzi nne, gimbali, droni, tripodi, taa, na chaja za kila aina. Ingia YouTube utafute ushauri wa vifaa vya safari. Chini ya video nyingi za namna hiyo utakuta viungo vya duka, na ukinunua kupitia hapo mshauri anapata kamisheni. Mtu kama huyo atakwambia ubebe kidogo?

Nasema hivi: mkoba huo unaziua video zetu.

Sisi watu wa kompyuta tunajua kwamba kila maktaba ya msimbo unayoiingiza katika programu yako inakuja na jamaa zake wote. Vifaa ni vivyo hivyo. Gimbali si kitu kimoja. Ni gimbali, betri yake, chaja yake, kebo yake, na programu yake kwenye simu, ambayo itadai kusasishwa asubuhi ile ile unayotaka kuitumia. Droni ndiyo usiseme. Hapa Kenya, kanuni za 2020 zinataka isajiliwe na uwe na idhini ya KCAA kabla ya kuirusha, na ukiingia mbuga za wanyama kuna ruhusa nyingine tena. Yote hayo kwa picha ya sekunde 8 ya ufuo kutoka juu, ambayo tumeshaiona mara elfu.

Chukua safari ya Lamu kwa nchi kavu. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, inakufikisha Miritini baada ya kilomita zaidi ya 470. Kutoka hapo utafute gari la kukuingiza mjini, kisha basi hadi Mokowe, kisha boti. Ukishuka Lamu, lori la pale ni punda, na vichochoro vya mji huo wa kale (umo katika orodha ya UNESCO tangu 2001) vingine ni vyembamba hata watu wawili wakikutana mmoja humpisha mwenzake. Katika kila hatua mkoba unapakiwa, unapakuliwa, unakaguliwa, unalindwa. Utapiga video saa ngapi, ndugu yangu, kama mkono mmoja umeshika zipu?

Na kuna jambo kubwa zaidi. Mzee anayeshona kofia barazani, ukimsalimu vizuri, ukaketi, ukaomba ruhusa kisha ukatoa simu, ataendelea kushona na kuzungumza. Mtolee kamera yenye lenzi ya urefu wa kigoe na taa juu yake, atakuuliza wewe ni wa televisheni gani na atalipwa ngapi. Ana haki ya kuuliza! Umekuja na sura ya kampuni, naye anazungumza nawe kama kampuni. Lakini yale mazungumzo uliyoyafuata safari yote hiyo hutayapata tena.

Wapo watakaosema simu haitoi kazi ya maana. Sean Baker alipiga filamu nzima ya Tangerine kwa iPhone 5S, ikaonyeshwa katika tamasha la Sundance mwaka 2015. Malik Bendjelloul alipoishiwa pesa za filamu ya Super 8, alimalizia sehemu za Searching for Sugar Man kwa programu ya simu, na kazi hiyo ikapata Oscar mwaka 2013. Ila tazama vizuri wale wa Tangerine. Picha waliiachia simu, sauti hawakuiachia. Walirekodi kwa vifaa halisi vya sauti.

Hapo ndipo ninapogombana pia na wale wa upande wa pili, wanaosema simu peke yake inatosha. Haitoshi! Pwani kuna upepo, na upepo ukiingia kwenye maiki ya simu maneno ya mzee yamekwisha. Mtazamaji huvumilia picha mbovu kuliko anavyovumilia sauti mbovu. Beba maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, na kile kimanyoya chake cha kuzuia upepo. Angalia plagi pia: maiki ya kamera huwa na pete mbili nyeusi, ya simu tatu, na ukizichanganya simu itaendelea kutumia maiki yake yenyewe bila kukwambia neno.

Mengine ni ya mpangilio, hayana uzito wowote mgongoni. Simu nyingi huja zimewekwa fremu 30 kwa sekunde, lakini umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi humeta mara 100 kwa sekunde. Weka fremu 25 na shata ya 1/50, ile mistari inayotembea kwenye picha za ndani itaondoka. Simu pia hupenda kubadilisha kasi ya fremu yenyewe, ndiyo maana ukifika kwenye uhariri unakuta midomo na sauti vimeachana. Dawa yake ni ffmpeg, na ni ya bure:

ffmpeg -i safari.mp4 -vf fps=25 -c:a copy tayari.mp4

Kisha hesabu nafasi. Kwa takwimu za Apple, dakika moja ya 4K ya fremu 30 katika HEVC ni kama megabaiti 170, na ya 1080p ni kama 60. Saa kumi za 4K ni gigabaiti 102, za 1080p ni 36. Kama video itatazamwa kwenye simu, kwa bando la kununua, hiyo 4K unampigia nani? Zile gigabaiti 66 zilizobaki zitumie kwa nakala ya pili, na nakala hiyo isilale katika mfuko mmoja na simu.

Pawabenki ya mAh 20,000 ni kama Wh 74, chini ya kikomo cha 100 cha ndege, lakini iwe kwenye mzigo wa mkononi.

Ukienda Mara kupiga simba aliye mita 200 kutoka kwenye gari, hapo simu ni mzaha, beba lenzi ndefu wala sitakucheka. Ninaowasema ni wale wanaoweka akiba mwaka wa pili sasa, wakingoja kamera, na huku nyumbani kuna bibi wa miaka 90 anayejua hadithi zote za ukoo, na simu ya kumrekodi wameishika mkononi.