Injini Imebadilika, Fundi Je?

Niliwahi kudaiwa malipo ya kitu ambacho gari langu halina. Ni Corolla ya toleo lililotoka Japani mwaka 2000, yenye injini ya 1NZ. Katika gereji moja, ambayo sitaitaja jina, fundi aliniandikia orodha ya vitu vya kubadilisha, na cha kwanza kilikuwa mkanda wa taimingi. Nikamwomba kwa adabu anionyeshe mkanda huo. Alifungua boneti, akainama, akanyamaza. Injini ile haina mkanda, ina cheni.

Wengine watasema ni jambo dogo. Mimi nasema sivyo.

Corolla za miaka ya 1990 zenye injini ya 5A zilikuwa na mkanda wa mpira, wa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ilipokuja cheni ya chuma, wenye magari tulishangilia kwamba gharama moja imeondoka. Haikuondoka; imehamia kwenye oili. Cheni inalainishwa na oili ya injini, na kifaa kinachoikaza husukumwa na mgandamizo wa oili hiyo hiyo. Tena, mtambo wa VVT-i, unaowahisha au kuchelewesha kufunguka kwa valvu, huzungushwa na oili inayopita katika njia nyembamba. Zamani oili ililainisha, ikapoza na kusafisha. Leo imeongezewa kazi ya kusukuma. Kwa hiyo anayechelewa kumwaga oili chafu anailegeza cheni yake mwenyewe kidogo kidogo.

Mwezi uliotangulia, fundi huyo huyo alikuwa amenijazia oili nzito ya namba 40, ingawa kitabu kinataja 5W-30. Alidai 5W ni ya nchi za baridi. Kumbe namba ya kwanza inaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa imepoa. Ya pili hupimwa kwenye nyuzi joto 100, na injini ya Dodoma na ya Tokyo zote hufanya kazi katika joto la namna hiyo. Aliitoa pia thamostati, eti kwetu kuna joto. Thamostati huyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake la kazi, nyuzi 80 na zaidi. Ukiitoa, kompyuta hudhani injini bado ni baridi, ikaongeza petroli. Mwenye gari hulipia kituo cha mafuta kila siku wema aliotendewa gerejini.

Najua jibu nitakalopewa: "Mwalimu, nina miaka ishirini kazini." Naliheshimu, kwa kuwa hata mimi nimewahi kulitoa. Mtaala wa 2005 ulipotutaka tumjengee mwanafunzi umahiri badala ya kumkaririsha, nilikuwa mkuu wa shule. Niliendelea kutia saini maazimio ya kazi yaliyonakiliwa kutoka miaka ya nyuma. Tuliyaita uzoefu. Yalikuwa mazoea, na waliolipa ni watoto. Wahenga walisema mazoea yana taabu.

Simlaumu fundi peke yake. Magari haya mengi hutufikia na vitabu vya Kijapani, au bila kitabu kabisa. Lakini aina ya injini imeandikwa kwenye kibao ndani ya boneti, na kijana mwenye simu anaweza kuitafutia maelezo yake. Anayefundisha ufundi asimwonyeshe mwanagenzi kufungua nati tu; amzoeshe kuuliza: hii ni injini gani, na kimebadilika nini? Nasi wenye magari tuache kuisifu gereji kwa urahisi wa bei tu.

Mwalimu haingii darasani bila andalio la somo. Fundi naye asishike spana kabla ya kusoma kibao. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumtoza mtu mkanda usiokuwapo.