Vibao vya mitaa vimekosa mwenyewe



Nina dukuduku kuhusu vibao vya majina ya mitaa na barabara hapa Dar es Salaam. Nina genge la mboga kwenye njia panda, pembezoni mwa jiji, na kila anayepotea huku kwetu huishia kwangu. Anakuja wa bodaboda na mzigo wa mtu, anakuja fundi umeme, wanakuja wageni wa msiba wakiwa wamechelewa maziko, anakuja binti aliyeambiwa na shangazi yake, "Ukishuka uliza kwa fundi cherehani." Nawaelekeza wote, na sitaacha. Lakini kazi hiyo ilikuwa ya kibao kilichosimikwa hatua chache kutoka nilipopanga nyanya zangu, na kibao hicho sasa hakipo.

Kilisimikwa mwaka 2022. Wasomaji watakumbuka kwamba Februari ya mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Dodoma operesheni ya anwani za makazi, na ikaagizwa kazi iwe imekwisha kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti. Vijana walipita nyumba kwa nyumba na simu mkononi wakiingiza taarifa zetu kwenye mfumo wa anwani uitwao NaPA. Milango ikapata namba, njia zikapata majina, nguzo zikasimama. Nilifurahi sana. Kwa miaka mingi anwani ya Mtanzania ilikuwa sanduku la posta: ukiandika S.L.P. na namba yake, barua inakaa posta na wewe unaifuata, wala hakuna aliyehitaji kujua nyumba yako iko njia ipi. Jiji likakua hivyohivyo. Sensa ile ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, zaidi ya milioni moja juu ya wale wa mwaka 2012, na watu hao hawakupata viwanja Upanga wala Oysterbay. Wengi tumejenga kwenye mashamba yaliyokatwa vipande, ambako njia imepita pale jirani alipokubali ipite.

Sasa nieleze kilichotokea. Alikuja mkandarasi kulaza bomba la maji. Maji tuliyahitaji, simlaumu kwa kuchimba. Nguzo yetu ilikuwa kwenye mstari wa mtaro, akaing'oa na kuilaza kando, akasema itarudishwa kazi ikiisha. Kazi iliisha, mtaro ukafukiwa, mkandarasi akaondoka na vijana wake, nguzo ikabaki imelala kwenye majani. Haikukaa. Kila mtu anajua chuma kilicholala barabarani kinakwenda wapi. Kinakwenda kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu, na hakuna anayeuliza kwa nini kimeandikwa jina la mtaa.

Nikaenda ofisi ya kwanza kutoa taarifa. Nikaambiwa suala la barabara lina wahusika wake, niende kwao. Kwa wahusika wa barabara nikaambiwa wao wanashughulika na barabara yenyewe, mitaro na makalavati. Vibao viliwekwa na watu wa operesheni. Nikatafuta watu wa operesheni. Nikajibiwa kwa upole kabisa, "Mama, operesheni ilishafungwa."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nikuandikie, Ndugu Mhariri. Operesheni ina siku ya kuanza na siku ya kufungwa, lakini kibao kinatakiwa kisimame miaka. Kinagongwa na lori linalorudi nyuma, kinapauka kwa jua, kinabandikwa mabango ya wagombea na ya waganga, kinafunikwa na matawi ya mwarobaini. Aliyepanga kusimika bila kupanga nani atapita kukagua, kwa fungu gani la bajeti na kila baada ya muda gani, amepanga nusu ya kazi. Fedha za umma zilizonunua nguzo zile ni kodi zetu, pamoja na ushuru ninaolipa mimi kwa meza ya mchicha.

Kuna jambo la majina pia, na hapa nitasema zaidi kidogo, kwa sababu hata nguzo zikirudishwa zote leo, tatizo hili litabaki. Njia inayopita mbele ya genge langu ina jina ambalo kila mkazi analijua, limetokana na kisima kilichokuwapo kabla hatujahamia. Kwenye kibao liliandikwa jina la mti ambao haujawahi kuota huku. Mbaya zaidi, jina hilohilo wakapewa watu wa mtaa wa pili, kata ileile. Mteja akituma eneo kwa jina la njia, wa bodaboda anakwenda kwa wenzetu, anazunguka na mafuta yake, halafu anapiga simu kwa hasira. Mwishowe watu wameamua kuliacha jina la kibao na kurudia kisima. Hakuna mkutano wa mtaa uliotuita kuchagua majina hayo. Muda ulikuwa mfupi, sensa ilikuwa mlangoni, mtu akakaa mezani na orodha ya miti na maua akaigawa.

Wakati jiji hili lina majina mengi mazuri ambayo hayakutoka ofisi yoyote! Makondakta wa daladala wanayaita kila siku: Kwa Mtogole, Kwa Ali Maua, Mwananyamala Kwa Kopa. Pale Sinza kuna Kwa Remmy, kwa heshima ya Remmy Ongala, mwanamuziki aliyetoka Kongo akafanya Dar es Salaam kuwa kwao mpaka alipofariki mwaka 2010. Jina kama hilo halihitaji mtu wa kulitangaza, linahitaji tu mtu wa kuliandika vizuri kwenye bati na kulisimamisha mahali pake.

Sisemi majina yasibadilishwe kamwe. Barabara ya Samora iliitwa kwa Kijerumani kwa jina la miti ya migunga, Waingereza wakaiita Acacia Avenue, baada ya Uhuru ikawa Independence Avenue, na leo hakuna anayeiita vingine ila Samora. Barabara ya Pugu imekuwa ya Nyerere na watu wameikubali. Lakini muulize dereva yeyote Barabara ya Mwai Kibaki, utasikia akikujibu, "Old Bagamoyo?" Na jirani zetu wa Nairobi waliona mwaka 2021, barabara ya Dik Dik Gardens kule Kileleshwa ilipopewa jina la kiongozi wa wafanyakazi Francis Atwoli: kibao kiling'olewa, kikarudishwa, kikachomwa moto. Siungi mkono kuharibu mali ya umma. Nasema tu kwamba jina ambalo wenyeji hawakushirikishwa halina wa kulilinda.

Namna vibao vilivyowekwa nayo inaonyesha haraka ile. Vingi vinasomeka ukitokea upande mmoja tu. Ukija kutoka upande wa pili unaona mgongo wa bati. Herufi ni ndogo kiasi kwamba mpaka dereva asome ameshapita kona. Usiku, huku kusiko na taa za barabarani, ni kama havipo. Kibao cha mtaa ni kwa ajili ya mgeni, na mgeni anakihitaji zaidi gizani. Kisimame penye kona hasa, si nyuma ya kibanda cha fedha za simu; kiandikwe pande mbili, kwa herufi kubwa zenye rangi inayong'aa ikipigwa na taa ya gari. Nguzo ifungwe kwenye zege la kutosha. Na pale ambapo njia ni nyembamba na nguzo itagongwa kila wiki, jina liandikwe kwenye ukuta wa nyumba ya kona kwa idhini ya mwenye nyumba. Rangi haiuzwi kwenye mizani ya chakavu.

Tunajua kwamba kuelekezana kwa majina ya mitaa kunawezekana, maana Kariakoo watu wanaishi hivyo tangu zamani. Mfanyabiashara wa kule akikuelekeza dukani kwake anakwambia Aggrey na Likoma, au Uhuru na Msimbazi, basi. Majina mawili ya mitaa na umefika, hata kama umeshuka basi la Songea asubuhi hiyo. Mitaa ile ilipimwa ikanyooka, majina ni mafupi, na kila mtu anayatumia. Huku kwetu njia hazitanyooka tena, nyumba zimeshajengwa. Ndiyo sababu sisi tunahitaji vibao kuliko wao.

Nyumba ikishika moto unapiga 114, na kabla ya mengine unaulizwa mko wapi. Huku tunajibu kwa minara ya simu, kwa baa, kwa mti, kisha kijana anatumwa mbio barabara kuu kulisubiri gari la zimamoto na kulitangulia. Ikiwa kijana yupo. Mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku wa manane, dereva aliyeitwa anapiga simu kila kona, na anayezipokea ni mume ambaye mikono yake inahitajika kwingine. Mambo haya ninayaona kutoka kwenye genge langu, na naomba wanaopanga bajeti wayaone pia.

Kwa hiyo naziomba mamlaka zitamke hadharani ni ofisi ipi yenye vibao vya mitaa kuanzia sasa, na namba ya simu ya kutolea taarifa ibandikwe kwenye ofisi za serikali za mitaa. Mkandarasi yeyote anayechimba barabara aandikiwe katika mkataba kwamba kila nguzo aliyoing'oa ataisimika upya kabla ya kulipwa malipo ya mwisho. Wanunuzi wa vyuma chakavu wakikutwa na nguzo za anwani washtakiwe kama wanavyoshtakiwa wenye kununua nyaya za umeme za wizi. Na majina yaliyojirudia ndani ya kata moja yapelekwe kwenye mkutano wa wakazi, yarekebishwe huko, na marekebisho yaingizwe kwenye NaPA, kabla ya shilingi nyingine kutumika kutengeneza bati lenye jina lisilo sahihi.

Sisi wa njia ya kisimani tumeshakubaliana kuchangia saruji, mchanga na kokoto, na fundi wa kumwaga zege tunaye hapahapa. Tulipotaka kusimika cha kwetu tuliambiwa hairuhusiwi mpaka tupate kibali. Atuambie anayehusika kibali hicho kinaombwa wapi na kwa nani, nasi barua tutaipeleka siku hiyohiyo.

Mama wa genge,
Dar es Salaam